Kiti cha Joto Katika Gari Kuukuu: Somo la Waya na Fyuzi



Somo letu la safari hii limetokana na ombi la madereva. Wenzetu wanaoondoka Mbarara saa tisa za usiku kwenda Kabale kuchukua viazi na mboga wanasumbuliwa na baridi na maumivu ya kiuno. Mtu akikuambia kwamba Uganda ni nchi ya ikweta na haina baridi, mpeleke njia hiyo usiku mmoja tu. Mbarara iko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia meta 2,000. Gari lenyewe ni kuukuu, hita imekufa zamani, na mlango hauzibi upepo.

Siku hizi kuna mikeka ya joto inayowekwa ndani ya kiti, chini ya kava. Huuzwa kama spea, na viti vingine vya mitumba huja nayo tayari. Madereva wanauliza: je, tunaweza kuifunga katika pikapu zetu za zamani?

Jibu ni ndiyo, kama kazi itafanywa kwa utaratibu. Ikifanywa ovyo ovyo, gari litaungua na watu wakiwa ndani yake. Kwa hiyo somo hili si la madereva na mafundi peke yao. Wewe unayepanda nyuma ya pikapu kwenda shambani au kiwandani, maisha yako yako juu ya waya ule ule.

Linawahusu pia vijana wetu wa Ngarama na Nakivale wanaojifunza ufundi wa magari chini ya miti, wengi wao wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya kujipatia riziki. Haki hiyo tuishike kwa mikono miwili, na kazi yenyewe tuijue vizuri ili asiwepo mtu wa kutudharau.

KISA NILICHOKIONA MWENYEWE

Mimi niliishia darasa la saba, na umeme wa magari nilijifunza nikiwa taniboi wa shamba moja. Pikapu yetu ilibeba watu kumi na wawili. Mkubwa wa kazi aliagiza taa mbili kubwa zifungwe mbele, na waya ukaunganishwa kwenye waya wa redio kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Fyuzi ikakatika siku ya kwanza. Dereva akaomba waya mpya. Akajibiwa kwamba hakuna fedha, afanye maarifa.

Maarifa yakawa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyozungushwa kwenye fyuzi iliyokufa. Taa ziliwaka vizuri kwa muda wa wiki moja. Usiku mmoja, tukipanda mlima, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva alisimamisha gari, tukaruka chini. Mimi nilifungua kichwa cha betri kwa spana huku vidole vyangu vikiungua. Hakufa mtu, kwa rehema ya Mungu. Lakini hasara ilikatwa kwenye mshahara wa dereva miezi mitatu, na yule aliyekataa kununua waya hakuulizwa neno.

Kisa hiki nitakirudia mwishoni. Kwanza tujue umeme ulifanya nini usiku ule.

HESABU NDOGO YA UMEME

Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Urefu wa mnara ndio nguvu inayosukuma maji. Katika umeme nguvu hiyo huitwa volti. Maji yanayopita ndani ya bomba ni ampea. Kazi inayofanyika mwishoni ni wati. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Ukigawa wati kwa volti unapata ampea.

Mwenye betri ya sola nyumbani anaijua hesabu hii, kwa kuwa betri nyingi za sola ni za volti 12 kama za gari dogo. Tuseme mkeka wa joto wa kiti kimoja unatumia wati 60. Gawa kwa 12, unapata ampea 5. Viti viwili ni ampea 10. Huo ni umeme mwingi. Taa mbili kubwa za mbele za wati 55 kila moja zinatumia kama ampea 9. Kwa hiyo kufunga viti viwili vya joto ni sawa na kuongeza jozi nyingine ya taa kubwa. Usimwamini mtu anayesema ni kitu kidogo kama redio.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha somo. Umeme ukipita mahali pembamba au pabovu, mahali hapo hupata joto. Mkeka wa kiti umetengenezwa makusudi kwa nyuzi zenye kuuzuia umeme ili zipate moto wa kiasi. Lakini waya mwembamba nao utapata moto, na kiungo kilicholegea kitapata moto, hata kama hukukusudia. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne. Fundi mzuri ni yule anayehakikisha kwamba joto linatokea ndani ya kiti tu, na waya wote uliobaki unakuwa baridi.

KWANZA LIJUE GARI LAKO

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti uhesabu betri. Pikapu na matatu nyingi zina umeme wa volti 12. Malori mengi, na baadhi ya magari ya zamani ya dizeli, yana betri mbili zilizofungwa pamoja kutoa volti 24. Usikisie kwa macho tu. Chukua mita, pima.

Mkeka wa volti 12 ukiufunga kwenye volti 24, ampea zitakuwa mara mbili na joto litakuwa mara nne. Mkeka wa wati 60 utageuka kuwa wa wati 240. Huo si mkeka tena, ni jiko, na dereva ameukalia.

Wengine huchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Hilo nalo ni kosa. Betri moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zitakufa. Kwa lori la volti 24, tafuta mkeka wa volti 24 au usifunge.

Kama gari ni la siku hizi na lina mifuko ya hewa ya usalama pembeni mwa viti, usikiguse kiti hicho bila fundi anayeijua kazi hiyo. Waya zake mara nyingi zina viungio vya rangi ya manjano. Somo letu ni la magari ya zamani yasiyo na mambo hayo.

JE, ALTENETA ITAWEZA?

Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme injini ikizunguka. Tuchukue mfano wa alteneta ya ampea 50 katika pikapu ya zamani. Usiku wa mvua taa kubwa zinakula ampea 9, taa ndogo zote pamoja 4, waipa 5, na feni ya kufuta ukungu kwenye kioo 10. Jumla ni 28. Betri iliyotoka kuwasha injini inaweza kudai 10 nyingine. Tumefika 38. Ongeza viti viwili, tumefika 48. Bado ampea 2 tu!

Na hizo 50 hupatikana injini ikiwa inakwenda kwa nguvu. Gari likisimama na injini ikinguruma pole pole, alteneta hutoa pungufu sana, na kinachopungua kinatolewa kwenye betri. Kwa hiyo shauri langu ni hili: funga kiti cha dereva peke yake, na kizimwe gari linaposimama muda mrefu.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Kama mkeka umekuja na waya zake, swichi na fyuzi, fuata karatasi ya maelezo iliyokuja nao. Kama umetolewa kwenye kiti cha mtumba, hakikisha bado una kidude chake cha kukata joto likizidi. Usio nacho, utupe. Vifaa vingine ni hivi:

1. Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, unene wa milimita za mraba 2.5. Kwa kiti kimoja waya wa 1.5 unatosha.
2. Kishika fyuzi na fyuzi zake. Kiti kimoja cha ampea 5 kinatosha fyuzi ya 7.5. Viti viwili, fyuzi ya 15.
3. Rilei moja. Hii ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku.
4. Swichi ya dashibodi.
5. Vichwa vya waya vya kubana kwa koleo, raba za kuziba matundu ya bati, na klipu za kufungia waya.
6. Balbu ya wati 21 yenye waya mbili, kwa ajili ya kupimia.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza. Fungua kichwa hasi cha betri. Usifanye kazi ya waya gari likiwa na umeme.

Hatua ya pili. Toa kava ya kiti. Tandaza mkeka juu ya sponji bila mikunjo. Usiupitishe pale ambapo kiti hukunjika. Usiukate, wala usiutoboe kwa sindano wakati wa kushona kava. Kama sponji imeoza na waya za springi zimejitokeza, rekebisha kiti kwanza, kwa sababu springi itautoboa mkeka.

Hatua ya tatu. Waya wa chini ya kiti uachiwe urefu wa kutosha ili kiti kiweze kusogea mbele na nyuma. Ufunge kwa klipu mbali na reli za kiti. Sogeza kiti mara kadhaa huku ukitazama kwa tochi.

Hatua ya nne. Waya mkuu utoke moja kwa moja kwenye kichwa chanya cha betri. Usichukue umeme kwenye waya wa redio, wala wa taa, wala wa honi. Kishika fyuzi kiwe karibu kabisa na betri, kisizidi shibiri moja. Sababu ni kwamba waya uliopo kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukichubuka hapo, hakuna cha kuukata.

Hatua ya tano. Waya unapopita kwenye tundu la bati, weka raba. Bati la gari linatikisika siku nzima kwenye barabara ya mashimo, na tundu lisilo na raba ni kisu.

Hatua ya sita. Rilei ina miguu yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri uliopita kwenye fyuzi. Mguu wa 87 unapeleka umeme kwenye swichi ya kiti na kwenye mkeka. Mguu wa 85 unakwenda kwenye bodi ya gari. Mguu wa 86 unaletewa umeme na waya ule unaowaka tu pale ufunguo unapofunguliwa. Kazi hii inahitaji umeme mdogo, chini ya robo ampea, kwa hiyo waya wa redio unaweza kutumika hapa bila kuelemewa. Faida yake ni kwamba dereva akitoa ufunguo, kiti kinazimika chenyewe. Bila rilei, akisahau kukizima viti viwili vitaimaliza betri ya ampea-saa 60 kwa muda wa saa sita hivi.

Hatua ya saba. Waya wa kurudi ufungwe kwenye bodi kwa nati. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, halafu paka grisi kuzuia kutu.

Hatua ya nane. Kabla ya kuweka fyuzi, weka balbu yako ya wati 21 mahali pa fyuzi, swichi ya kiti ikiwa imezimwa. Rudisha kichwa cha betri na ufungue ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali fulani. Funga ufunguo, tafuta. Balbu ikibaki giza, weka fyuzi, washa injini, kisha washa kiti.

Hatua ya tisa. Baada ya dakika kumi, papasa waya wote kwa mkono, kuanzia betri, kishika fyuzi, rilei, mpaka chini ya kiti. Mahali popote penye joto, isipokuwa kwenye kiti, pamekosewa. Fungua, rudia.

FYUZI INALINDA NINI?

Ukiuliza mafundi kumi, wengi watasema fyuzi inalinda kiti, au redio, au taa. Sivyo. Fyuzi inalinda waya. Ni sehemu iliyofanywa dhaifu makusudi ili ikatike kabla waya haujaungua. Kwa hiyo saizi ya fyuzi isizidi kile ambacho waya unaweza kubeba.

Fyuzi za kisasa zina rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Bluu ikikatika, usiweke kijani. Ukiweka kijani umemwondoa askari mlangoni na kumweka kipofu. Ukiweka karatasi ya sigara, msumari au kipande cha waya, hapana askari kabisa. Fyuzi inayokatika inakupa habari kwamba kuna kosa. Tafuta kosa lenyewe.

Lakini sikilizeni hili pia, maana wengi hawalijui. Kuna hatari moja ambayo fyuzi haiioni, nayo ni kiungo kilicholegea. Tuseme waya umesokotwa kwa vidole na kufungwa tepu. Baada ya miezi ya kutikisika umelegea, na umeme unapita kwa shida. Hapo ampea hazizidi, bali zinapungua kidogo, na fyuzi inaona mambo yote ni salama. Kumbe kwenye nukta ile moja kunaweza kuwa na joto la wati 15 au zaidi, kama ncha ya pasi ndogo ya solda. Tepu inayeyuka, sponji na vumbi viko jirani, moto unaanza.

Dhidi ya hatari hii mlinzi ni mkono wa fundi tu. Bana vichwa vya waya kwa koleo la kazi hiyo, vuta kwa nguvu uone kama vinatoka, funika vizuri, na ufunge waya kwa klipu ili usicheze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MWILI WA DEREVA

Joto la kiti hutuliza kiuno, lakini haliponyi mgongo. Kiti kilichobonyea na zamu ya saa kumi na sita ndivyo vinavyoumiza. Washa kiti mpaka upate joto, kisha punguza au zima. Usilale juu yake. Ngozi inaweza kuungua pole pole hata kwa joto ambalo mkono unalivumilia. Mwenye ugonjwa wa sukari au ganzi miguuni na makalioni asitumie kiti hiki, kwa sababu hatasikia anapoungua.

NANI ALIPE, NANI AAMUE?

Sasa turudi kwenye kisa changu. Tulimlaumu dereva kwa ile karatasi ya sigara, na kweli alikosea. Lakini aliomba waya akanyimwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mitambo na vifaa vya kazi ni salama. Sheria hiyo inamlinda pia mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu ya haki kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu. Lakini sheria haisemi kwa niaba ya mtu aliyenyamaza. Kwa hiyo:

Kila gari la kazi liwe na daftari la makosa. Dereva aandike siku, kosa, na alichoomba. Mkubwa wa kazi atie sahihi. Yule dereva wetu angekuwa na ukurasa mmoja tu wa daftari, tungekuwa na neno la kusema.

Kila gari liwe na fyuzi za akiba za saizi zake, spana ya kichwa cha betri, na kizima moto cha unga.

Fundi akiambiwa afunge waya bila fyuzi kwa sababu ya haraka, akatae kwa adabu: "Mzee, nipe fyuzi leo nifunge leo. Bila fyuzi siwezi, maana watakaopanda ni ndugu zangu." Wenzake wasimame naye. Mmoja akikataa ataitwa mkaidi; tukikataa wote, fyuzi itanunuliwa.

Na dereva yeyote anayeletewa karatasi ya kukatwa mshahara kwa gari lililoungua, asitie sahihi kabla ya kumwona mwakilishi wa chama.

MASWALI YA KIKUNDI CHA KUJISOMEA

1. Mkeka mmoja una wati 48 katika gari la volti 12. Unatumia ampea ngapi? Utaweka fyuzi gani?
2. Kwa nini kishika fyuzi kinawekwa karibu na betri, si karibu na kiti?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini fyuzi haikatiki kiungo kinapolegea.
4. Katika gari linalowapeleka ninyi kazini, ni nani ameangalia fyuzi mwaka huu? Kama hamjui, mkaulize kabla ya mkutano ujao na mlete jibu.